Selfie na staa sio mkataba

Kuna kitu wafanyabiashara wengi wa hapa mjini wanakichanganya, na mimi kama mtu ninayekula kwa kutengeneza flaya na mabango nakutana nacho kila mara. Staa kaja dukani, kanunua kitu au kala chipsi kuku, kapiga picha na mwenye duka, kacheka, kaondoka zake. Kesho yake asubuhi picha inatua WhatsApp kwangu na voisi ya sekunde chache, niwekee hii kwenye bango, pembeni weka bei na namba ya lipa, fanya chapchap. Kwa mwenye duka ishu imeshaisha hapo, staa kakubali, si anaonekana anacheka?

Hajakubali. Amekubali kupigwa picha. Kukubali kupigwa picha na kukubali sura yako iuze magauni ya elfu thelathini na tano ni makubaliano mawili tofauti kabisa, na hilo la pili ndo lenye hela, ndo linalowapeleka watu mahakamani.

Dada mmoja mwenye fremu ya nguo Sinza tulibishana kuhusu hili mpaka chai ikapoa. Alikua na picha yake na msanii mmoja mkubwa wa hapa nyumbani, simtaji, picha nzuri tu, mwanga upo, wote wanacheka, gauni la dukani linaonekana kabisa mkononi. Nikamwambia dada hii tuiposti kama kumbukumbu sawa, ila kuigeuza bango la ofa hapana. Akanijibu, "Mdogo wangu, simu yangu, duka langu, gauni langu, sasa yeye chake hapo ni kipi?" Nikamwambia chake ni sura. Akacheka sana, akaniambia nimeanza kusoma mambo ya wazungu.

Sasa sio ya wazungu peke yao, na mfano ninaoupenda uko Afrika Kusini. Basetsana Kumalo, aliyekua Miss South Africa 1994 halafu akawa mtangazaji wa TV na mfanyabiashara mkubwa, aliingia kwenye duka la baiskeli linaitwa Cycle Lab kama mteja wa kawaida. Akapigwa picha mle ndani. Baadae picha ikaja kutokea kwenye tangazo la duka, bila yeye kuulizwa chochote. Akashtaki, na mwaka 2011 mahakama ya Johannesburg ikasema duka limevunja faragha yake na haki yake juu ya utambulisho wake. Angalia mazingira yake, ni yaleyale ya Sinza, duka lao, kamera yao, baiskeli yao, na mteja aliyeingia kwa miguu yake. Na kwamba ni mtu maarufu, kila mtu anamjua, haikuwasaidia.

Hapo Kenya nako wala huhitaji kua maarufu. Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina kifungu kabisa, cha 37, kinachokataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, na sura yako ni data yako. Desemba 2022 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 za Kenya, chanzo ni picha ya mtu kuwekwa kwenye stori ya Instagram ya kampuni bila ridhaa, halafu agizo la Kamishna lisitekelezwe. Stori ile inayopotea baada ya masaa 24! Septemba 2023 ikawa zamu ya Casa Vera, lounge ya Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekua anakula bata zake. Nawajua watu wa klabu za hapa Dar wanaoajiri kamera meni kila wikiendi, wanapiga meza zote, Jumapili mchana albamu nzima iko mtandaoni na logo ya klabu kwenye kona, na hakuna hata mmoja kati yao anayefikiria habari hizi.

Ila tofauti ya mtu wa kawaida na staa ipo, na ndo inayonivutia. Mtu wa kawaida akiona sura yake kwenye tangazo anachoumia ni aibu au usumbufu, mama mkwe kamuona klabu. Staa hana shida ya kuonekana, kuonekana ndo kazi yake, kinachomuuma ni kuonekana bure kwenye kitu ambacho wengine wanalipia. Wamarekani waliligundua hilo mwaka 1953 kwenye kesi ya bigijii, sio utani, kampuni mbili za kutengeneza bigijii, Haelan na Topps, zilikua zinagombania nani ana haki ya kutumia picha za wachezaji wa besiboli kuuzia pipi zao. Jaji Jerome Frank akasema mbali na faragha mtu ana haki nyingine, haki ya thamani ya umaarufu wake, anaweza kuiuza na kumpa kampuni moja peke yake. Kabla ya hapo majaji wengi walikua wanawaambia mastaa wewe si umependa mwenyewe kujulikana, sasa faragha gani unailia?

Hilo swali bado lipo Bongo mpaka leo na unalisikia kila siku, "yule ni kioo cha jamii, ni mali ya umma". Mali ya umma kwenye habari sawa. Gazeti likiandika staa kafungua mgahawa na kuweka picha yake hakuna anayedai ridhaa, mchekeshaji akimuigiza sawa, mimi nikimjadili hapa kwenye blogu sawa. Picha ileile ikitoka kwenye habari ikahamia kwenye mfuko wa unga wa sembe mambo yanabadilika, maana pale haitoi taarifa tena, inauza sembe.

Na usidhani mpaka uweke sura. Michael Jordan, yule mcheza kikapu, hakuwekwa hata picha yake. Mwaka 2009 alipokua anaingizwa kwenye Hall of Fame, orodha ya heshima ya magwiji wa kikapu, jarida la Sports Illustrated wakatoa toleo maalum, na supamaketi moja ya Chicago inaitwa Dominick's ikapewa nafasi ya tangazo humo. Wakaandika jina lake, namba yake ya jezi 23, maneno ya pongezi yenye utani wa nyama ndani yake, na chini wakaweka picha ya steki na kuponi ya punguzo la dola 2. Basi. Hiyo tu. Wao wanasema tulikua tunampongeza, Jordan akasema hapana mlikua mnauza nyama kwa jina langu. Agosti 2015 jopo la raia waliokaa kusikiliza kesi likampa dola milioni 8.9. Hela yenyewe hakuila, aligawa kwa mashirika ya misaada ya Chicago. Ukitaka kujua kwa nini kiasi kikubwa hivo, mawakili wake walionyesha mahakamani kwamba jamaa huwa anakataa madili madogo, hasaini mkataba chini ya mamilioni, kwa hiyo bei ya jina lake ilishajulikana sokoni. Huwezi ukajichotea kitu cha milioni kumi afu ukasema nilitaka kuuza steki chache tu.

Nawafikiria wale wanaotengeneza flaya za "Hongera sana staa wetu kwa tuzo, njoo upate punguzo la asilimia 20". Kila msimu wa tuzo naletewa oda ya hivo.

Sasa tuje kwenye lile jibu linalotolewa na watu wanaojiona wajanja zaidi, "mimi picha nimeinunua". Hawa wamefika mbali kidogo kuliko wale wa kudownload Google, wamemlipa mpiga picha, wana risiti. Tatizo mpiga picha anauza haki yake yeye, hakimiliki ya picha, hawezi kuuza sura ambayo sio yake. Uingereza kuna kesi mbili tamu sana kwa mtu wa grafiki. Ya kwanza ni ya Eddie Irvine, dereva wa Formula 1 enzi zile za Ferrari. Redio moja, Talksport, ilinunua picha yake kihalali, kwenye picha ya asili Irvine ameshika simu ya mkononi anaongea. Mbunifu wao akaifuta ile simu akapachika redio yenye jina la stesheni, ikaonekana staa anasikiliza redio yao huku kaiweka sikioni, wakachapisha kwenye vipeperushi vya kuwatumia watu wa matangazo. Irvine akashinda 2002. Jaji akampa pauni 2,000, akaenda rufaa, 2003 wakampandishia mpaka pauni 25,000, maana walisema hiyo ndo bei ya chini ambayo angekubali kwa kazi kama ile. Mimi nikiisoma hii namfikiria yule mbunifu. Alipewa picha yenye leseni na bosi kamwambia badilisha simu iwe redio, kazi ya dakika ishirini.

Ya pili ni ya Rihanna na Topshop, na hii naomba mtu wa duka aisome taratibu. 2011 Rihanna alikua Ireland ya Kaskazini anashuti video, mpiga picha akampiga pale lokesheni, Topshop wakachukua leseni ya picha kwa mpiga picha, 2012 wakaiweka kwenye tisheti wakaanza kuuza. Ridhaa ya Rihanna hamna. Uingereza mpaka leo hawana sheria inayosema mtu anamiliki sura yake, jaji mwenyewe alilisema hilo waziwazi, kuuza tisheti yenye picha ya staa peke yake sio kosa kule. Kwa hiyo Rihanna ilibidi apite njia nyingine, athibitishe kwamba wateja wanadanganyika, wananunua wakiamini yeye kaidhinisha ile nguo. Na akathibitisha. Picha ilifanana na zile za promo za albamu yake, na cha pili, hapa ndo utamu wenyewe, Topshop walikua na historia ya kujinasibisha nae. Waliwahi kuendesha shindano linalomhusu, na mwanzoni mwa 2012 alipoenda kufanya shoping kwenye duka lao la Oxford Circus wakatwiti kwa furaha kwamba Rihanna yuko dukani kwetu. Hiyo twiti ikageuka ushahidi dhidi yao! Mahakama ikasema watu walishazoeshwa kuona Rihanna na Topshop ni kitu kimoja, tisheti ikitoka wataamini ni dili. 2013 wakashindwa, wakakata rufaa, Januari 2015 wakashindwa tena.

Kwa hiyo yale makapsheni ya "asante staa wetu kwa kutuamini, balozi wetu wa ukweli" yanayowekwa chini ya selfie, mjue yanahesabika. Unajiandikia mwenyewe kwamba unajaribu kuwaaminisha watu jambo ambalo halipo.

Watu wa tisheti wa Kariakoo huwa wananiuliza kuhusu Bob Marley, si ameshakufa zamani, tangu 1981? Ameshakufa lakini familia ipo na ina kampuni. Kuna jamaa Marekani walinunua picha zake kwa mpiga picha, ndo yaleyale ya leseni, wakatengeneza tisheti zikaingia kwenye maduka makubwa kama Target na Walmart. Warithi wa Marley wakaenda mahakamani na 2015 mahakama ya rufaa ikawaunga mkono, hoja ikiwa kwamba mnunuzi anaamini familia ndo imetoa bidhaa. California wao wameandika kabisa kwenye sheria kwamba haki ya sura inaendelea miaka 70 baada ya kifo. Na bei yake marehemu inaweza kua ugomvi wa kodi: Michael Jackson alipofariki 2009 wasimamizi wa mirathi walisema jina na sura yake vina thamani ya dola 2,105 tu, watu wa kodi wakaja na dola milioni 161, mwaka 2021 mahakama ya kodi ikaamua ni milioni 4.15. Dola elfu mbili mia moja na tano, kwa Michael Jackson, nilicheka.

Wachoraji mnaochora kwa mkono kwenye bajaji na kuta za vinyozi, nyie mko pazuri kidogo ila sio sana. California 2001 mchoraji mmoja alichora wale wachekeshaji wa zamani Three Stooges kwa mkaa, akaiprinti kwenye tisheti, akashindwa, mahakama ikasema kipaji chote kimeenda kwenye kuinakili sura kama ilivyo hakuna alichoongeza. 2003 mahakama nyingine kule Marekani ikamuacha mchoraji aliyemchora mcheza gofu Tiger Woods, maana mchoro wake ulikua na wachezaji wakubwa wa zamani wamesimama nyuma, una stori yake mwenyewe. Wale wanaochora kichwa cha msanii na kuandika "SALUNI" chini, mh.

Sauti nayo imo. Ford walimtaka muimbaji wa Marekani Bette Midler aimbe kwenye tangazo la gari katikati ya miaka ya 80, meneja wake akakataa. Wakala wa matangazo, ambae wimbo wenyewe alikua na kibali cha kuutumia, akamtafuta dada aliyekua muitikiaji wa Midler miaka mingi akamwambia imba kama yeye kadiri unavyoweza. Akaimba, tangazo likatoka, watu wakampigia simu Midler kumwambia umetisha kwenye lile tangazo. 1988 mahakama ikasema sauti ya muimbaji anayetambulika kwa sauti yake haiigwi ili kuuzia bidhaa, na alilipwa dola 400,000. Zile spika za barabarani zinazotangaza dawa ya kunguni kwa kuigiza sauti ya mtangazaji fulani maarufu wa mpira nadhani mnanielewa.

Na hapa kwetu Tanzania je? Hatuna sheria inayoitwa ya haki ya sura. Tuna vipande. Katiba Ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha na msanii juu ya kazi zake, huko ndo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ila ukienda COSOTA kulalamikia sura yako ambayo mtu mwingine kaipiga picha umekosea mlango. Mpya ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Taarifa zinazomtambulisha mtu zinahitaji msingi wa kisheria kuzitumia, ridhaa ikiwa ndo wa kwanza unaofikiriwa, na picha ya uso wako inakutambulisha kuliko hata namba ya NIDA. Maoni yangu, na mimi sio wakili, kesi ya kwanza kubwa ya staa wa Bongo dhidi ya duka itapita huko, kwa sababu Wakenya wameshaonyesha njia na huko staa hahitaji kuthibitisha umaarufu wake una bei gani, anathibitisha tu kwamba ni yeye na hakuulizwa. Ubaya wa njia hiyo faini ya ofisi ya data inakwenda serikalini, fidia inabidi uidai pembeni, na staa anachotaka ni bei yake, ile ya Jordan.

Bado sijagusa hii balaa mpya ya akili bandia. Oktoba 2023 Tom Hanks, muigizaji wa Marekani, aliwatangazia watu Instagram kwamba kuna tangazo la bima ya meno linatumia sura yake iliyotengenezwa na kompyuta, hana habari nalo. Machi 2024 jimbo la Tennessee likapitisha sheria, wameipa jina ELVIS, inayolinda sauti pamoja na sura dhidi ya vitu hivi, ikaanza Julai mwaka uleule. Huku kwetu fungua Facebook jioni moja tu utakutana na mtangazaji wa taarifa ya habari midomo inacheza haiendani na maneno anauza dawa ya presha na maumivu ya magoti. Wanaotengeneza hayo hawana hata fremu ya kwenda kuwakamata, ila duka la hapahapa likichukua sauti ya msanii ikatengenezwa na programu ikasema "karibuni dukani kwangu", hilo lina anuani, lina leseni ya biashara na TIN.

Mimi oda ya sura ya mtu sasa hivi naichukua hivi: nani kapiga picha, mwenye sura kakubali itumike kwa bidhaa gani, wapi, mpaka lini. Kama majibu hayapo natengeneza bango lenye gauni kubwa zuri na hakuna staa, na mara nyingi linatoka safi zaidi kwa sababu mteja anaona nguo. Kama unamtaka staa kweli mtafute meneja, namba iko kwenye bayo ya Insta, andika meseji fupi useme duka gani, bidhaa gani, bango la wapi, wiki ngapi. Wengine watakutajia hela mpaka uzime data. Wengine, hasa wanaochipukia, watakwambia chukua tu ila nitag na gauni moja mniletee, na hiyo meseji usiifute, ipige screenshot ibaki kwenye faili la kazi pamoja na tarehe.